Kondo, Kiti cha Hadubini na Wivu Wangu

Wanangu, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nawafahamu, mtaniamkia mkishamaliza kusoma, basi naitikia mapema kabisa tusipotezeane muda.

Mwalimu wenu Asteria ndiye aliyekuja nyumbani kwangu Ipuli, hapa Tabora, kuniomba. "Mama Nyamizi, waandikie vijana habari za kazi, yale mazuri yanayotia moyo." Nikamwambia mazuri yapo vitabuni, wayafuate huko. Mimi ni fundi wa maabara mstaafu, na katika miaka yangu yote ya hadubini hakuna nilichokifanya kwa moyo kama kumwonea wivu mtu mmoja anayeitwa Kondo. Akataka kuondoka. Nikamwambia kaa, nitaandika, ila sitaandika uongo. Mtakaojifunza kazi kwangu mtajifunza pamoja na wivu, maana kwangu mimi vilikuja vyote siku moja.

Kondo wengi wenu mmeshamwona. Mzee mrefu, kofia ya kiua, anacheka kabla hujamaliza kusema. Ni Mzaramo wa Kisarawe. Aliletwa hapa na treni akiwa kijana, akaajiriwa siku ileile niliyoajiriwa mimi, akaoa hapa, akazaa hapa, kwao akawa anakwenda misibani tu. Mimi ni Mnyamwezi wa Kigwa. Kwa hiyo sisi ni watani. Babu zetu walibeba mizigo kwa mabega kutoka hapa hadi pwani, wakafika kwa kina Kondo miguu imevimba, wakala kwao, wakalala kwao, wengine wakazikwa kwao, na utani ukaanzia hapo. Mtani unamwambia lolote. Unamwita mvivu, unamwita mwizi, kwenye msiba wa baba yake unalala juu ya mkeka wa wafiwa na kudai hutoki mpaka ulipwe, na watu wanacheka huku wanalia.

Sasa hebu fikirieni mtu mwenye wivu anapewa mtani. Nimemtukana Kondo kwa dhati ya moyo wangu miaka yote ile, mchana kweupe, mbele ya wakubwa, na kila mtu alishika mbavu. "Hawa nao, watani bwana!" Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe sidhani kama alijua.

Na ugomvi wetu wa mwisho, ambao ndio hasa nataka kuwasimulia, ulikuwa juu ya kiti. Hadubini hii mpya ilipoletwa hapo chuoni kwenu, alitakiwa mstaafu mmoja, mmoja tu, wa kuja kila Jumanne kukaa mbele yake na kuwafundisha kupima mwelekeo wa molekuli kwenye seli hai. Tabora nzima wanaoijua kazi hiyo kwa mikono ni wawili. Mimi nilikitaka kiti kile kuliko nilivyotaka kuolewa, na marehemu mume wangu anisamehe. Akapigiwa simu Kondo.

Nitafika huko. Kwanza kazi yenyewe, maana wapo watakaosoma na hawajawahi kuiona.

Jani la tumbaku mnalijua, hata watoto wa Kaliua wanalijua kabla ya kujua kusoma. Ukilikata vipande vyembamba ukavilaza kwenye dawa ya kuyeyusha kuta za seli, seli zake zinabaki uchi, duara kama choroko, na zi hai. Kila moja ina ngozi laini kuliko kitu chochote utakachowahi kushika, na hiyo ngozi imeundwa na molekuli zilizosimama zikiwa zimepangana. Mmea ukipata kiu kali mpangilio ule unalegea. Taasisi yetu ya utafiti wa tumbaku ilitaka kujua mbegu ipi inalegea mapema na ipi inashikilia, ili mkulima apewe ile inayoshikilia. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunauliza swali moja tu kutwa nzima: molekuli zimeelekea wapi?

Molekuli yenyewe huioni, usijidanganye. Unachofanya, unaweka rangi inayong'aa. Rangi inajipenyeza kwenye ngozi ya seli na kusimama pamoja na wenyeji, ikielekea wanakoelekea wao. Kisha unaimulika kwa mwanga uliopita kwenye kioo maalumu, kioo kinachoruhusu mwelekeo mmoja wa mwanga na kuuzuia mwingine. Kioo hicho sisi tulikiita uzio. Shika ungo uukabili upepo, utausikia unavyousukuma. Ugeuze ubavu, upepo unapita zake. Molekuli ya rangi ndivyo ilivyo: mwanga ukija sawa na mwelekeo wake inaupokea na kung'aa, ukija kwa ubavu inanyamaza kimya. Ndiyo maana ukitazama seli duara huoni pete nzima. Unaona pande mbili tu zinang'aa, juu na chini, kama mabano yanayotazamana. Zungusha uzio robo ya mzunguko, mabano yanahamia kushoto na kulia.

Siku ya kwanza nilipoona mabano yale yakihama nilipiga kigelegele. Daktari Perpetua, mkuu wetu wa maabara, alikuja mbio na ndoo ya mchanga akidhani kumewaka moto.

Huyo Daktari Perpetua ndiye aliyetufundisha mimi na Kondo. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, hajawahi kumkaripia mtu, na maneno yake mawili yameniharibia maisha. Wiki zile za mwanzo tulikuwa tunajifunza kuzihamisha seli kutoka kwenye dawa kwenda kwenye slaidi. Unazivuta kwa mrija, unaziachia. Basi. Mimi nilikuwa nazivuta, naziachia, natazama: zimepasuka. Nusu yake zimepasuka, na zilizobaki zinaonekana kama zinanilaani. Kondo anazivuta huku anaimba ngoma za kwao, anaziachia, natazama: nzima zote, mviringo kamili, zimetulia kama watoto walioshiba.

Daktari Perpetua akainama kwenye lenzi, akatazama za Kondo, akasema, "Kondo ana mkono." Kisha akaja kwangu. Akatazama muda mrefu, akaniwekea kiganja begani. "Nyamizi, una bidii."

Wanangu, mtu akikusifu bidii, jua kuna mwenzako chumba hichohicho amesifiwa kitu kingine. Nilikwenda nyumbani nimelibeba neno hilo kama jiwe kwenye kiatu. Bidii! Punda ana bidii.

Nikaanza kumchunguza. Nilisimama nyuma yake nikajifanya naosha vyombo. Nilitaka kujua siri, dawa aliyopewa huko Kisarawe, chochote. Nilichogundua kitawafaa, kwa hiyo andikeni: alikuwa anakata ncha ya mrija. Anaikata kwa wembe ili tundu liwe pana, seli zipite bila kubanwa. Tena haachii kutoka juu. Anagusisha ncha kwenye slaidi kwanza, ndipo anaachia polepole, tone linajitandaza lenyewe. Hakuna uchawi. Kesho yake nikakata mrija wangu, nikagusisha, nikaachia. Zikapona nyingi. Zake zikapona zote.

"Mtani umeniibia," akasema.

"Nikuibie nini, mtu ambaye hata baba yako aliishi kwa kukwea minazi ya jirani?"

Maabara nzima ikacheka. Mimi nilimaanisha.

Kuna lile la asali, ambalo najua Kondo ameshawasimulia kwa namna yake, sasa sikilizeni kwa namna yangu. Seli uchi ukiitia kwenye maji matupu inafyonza mpaka inapasuka. Lazima maji yawe na utamu wa kutosha kuizuia, na sisi tulikuwa na sukari maalumu ya maabara iliyoagizwa mbali. Ikaisha. Daktari Perpetua alikuwa safarini. Nikajiambia, Nyamizi, leo ndiyo siku yako. Uko Tabora, nchi ya asali, unakosaje utamu? Nikaenda sokoni nikachagua asali ya misitu ya miombo, nyepesi, safi, nikaichuja kwa kitambaa, nikaipima kwa maji vizuri. Seli zikatulia humo kama wageni wa heshima. Haikupasuka hata moja. Nikawaita watu waje waone. Nikazima taa za chumba, nikawasha mwanga wa bluu, nikainama.

Kila kitu kiliwaka. Huoni seli, huoni pete, huoni mabano, uwanja mzima umewaka kijani, unapofusha kama taa ya kamera inayompiga bwana harusi. Asali yenyewe inang'aa ikipigwa mwanga ule! Nani alijua? Nilikuwa nimezizamisha seli zangu ndani ya taa.

Kondo akatazama. Akanyanyuka taratibu, akavua kofia. "Jamani, Mnyamwezi hata umpe maabara, atarina tu."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Yeye akatoka akaenda jikoni kwa mpishi wa taasisi, akaomba sukari ya chai, akaiyeyusha, akaichuja mara kadhaa kwa karatasi ya maabara. Ikafanya kazi vizuri sana. Sukari ya chai, wanangu! Ilikuwa mita chache kutoka nilipokuwa nimekaa. Siku ile nyumbani sikula.

Msidhani nilikuwa nashindwa kila siku. Lipo langu nililomshika nalo, na nitalisema kwa raha zote. Kondo aliletewa visahani vipya vya plastiki, vyepesi, vinang'aa, akaacha vile vya kioo. Matokeo yake yakawa ya ajabu. Molekuli zote zimepangana, hata za mmea ulionyauka. Daktari Perpetua akaanza kuandika ripoti huku macho yakimetameta. Mimi sikuamini. Si kwa sababu nilikuwa na akili kuliko wao. Sikuamini kwa sababu yalikuwa ya Kondo.

Nikaenda mjini kwa Bwana Jivan, Mhindi aliyekuwa na duka la kamera na miwani, nikamwomba kioo cha uzio cha kufunga kwenye kamera. Akaniazima, akaniambia nikikirudisha na mikwaruzo nisipite tena barabara ile. Nikachukua nyuzio mbili, huo wa Jivan na wetu wa maabara, nikazipinganisha, moja wima na moja mlalo, mpaka mwanga ukazimika kabisa katikati. Kisha nikakiingiza kisahani kitupu cha plastiki kati yake. Kikatoa rangi zote za upinde wa mvua. Plastiki ile ilipokuwa inamiminwa kiwandani ilivutwavutwa, na sasa ilikuwa inaupinda mwelekeo wa mwanga kabla haujafika kwenye seli. Kondo alikuwa anapima kisahani! Nikaingiza kisahani cha kioo: giza tupu, kama inavyotakiwa. Hilo nalo andikeni. Chombo chochote kipya, kipitishe kwanza kati ya nyuzio mbili kikiwa kitupu.

Nikawaita wote. Nikawaonyesha. Nilikuwa nasubiri neno langu. Daktari Perpetua akachana ripoti yake vipande viwili, akamgeukia Kondo na kumwambia, "Kosa lako limetufundisha jambo kubwa." Kisha akaniwekea kiganja begani. Mnajua alichosema. Sikirudii.

Ila lazima nimpe haki yake mama yule, kwa sababu kanuni kubwa kuliko zote ni yake na mkiisahau mtapima takataka maisha yenu yote. Rangi inachoka. Kila unapoimulika inafifia kidogo. Sasa wewe unapima uzio ukiwa nyuzi sifuri, unapima arobaini na tano, unapima tisini, unapima mia na thelathini na tano, unaona mng'ao unapungua kila hatua, unaruka, "Molekuli zimepangana!" Hazijapangana, zimechoka. Kwa hiyo ukimaliza mzunguko, rudi sifuri upime tena. Kipimo cha mwisho kikikaribiana na cha kwanza, unaweza kuamini vya katikati. Kikiwa chini sana, futa vyote, tafuta seli nyingine, punguza mwanga. Na kabla ya seli yoyote, pima tone la rangi peke yake ndani ya maji. Humo molekuli zinaogelea zikielekea kila upande, kwa hiyo mng'ao lazima uwe uleule hata uzungushe vipi. Usipokuwa uleule, hadubini yako ina upendeleo.

Hadubini zina upendeleo, ndiyo. Hata wakuu wa maabara wanao.

Basi tukastaafu. Daktari Perpetua alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilifuga kuku, nikalea wajukuu, nikakutana na Kondo misibani na harusini, tukatukanana, watu wakacheka. Nilidhani wivu umestaafu na mimi. Kumbe ulikuwa umelala. Siku niliyosikia kwamba Asteria amempigia Kondo simu, nilikuwa napepeta mchele. Niliutupa ungo. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, kuna nyoka?"

Mwalimu akanipigia na mimi siku mbili tatu baadaye, kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Jumanne Mzee Kondo anaanza, tunakualika uje ushuhudie."

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Nitakuja." Kushuhudia! Nilivaa kitenge changu kizuri. Nilikwenda nikiomba ashindwe. Naandika hivyohivyo kama ilivyokuwa.

Nikakaa kiti cha nyuma. Waliokuwepo mnakumbuka, chumba kilijaa. Kondo akatayarisha seli mbele yenu kwa mikono yake, akakata ncha ya mrija, akagusisha, akaachia, na mikono ile bado ni ileile, inakera. Akapima tone la rangi kwenye maji. Mng'ao sawa pande zote. Vizuri. Kisha akainama kuchagua seli.

Hapo ndipo jicho linapofanya kazi. Kamera inapima, kompyuta inahesabu, lakini seli ya kupimwa unaichagua wewe kwa jicho lako kwenye lenzi: iliyo hai, mviringo, pete imekaza. Ukiridhika ndipo unasukuma kishikio mwanga uende kwenye kamera. Kondo wa zamani alikuwa anachagua kabla hujakohoa. Kondo huyu aliinama akakaa. Akazungusha huku, akazungusha kule. Mwisho akasema, "Huyu hapa," akasukuma kishikio.

Akapima. Sifuri, arobaini na tano, tisini, mpaka mwisho. Kijana mmoja wenu aliyekuwa anasoma namba kwenye kompyuta akakuna kichwa.

"Mzee, mbona zinafanana zote? Kama lile tone la maji."

"Seli za siku hizi hizo," Kondo akasema. "Hazina msimamo."

Mkacheka. Mimi nilinyanyuka nikaenda mpaka kwenye kompyuta. Nikaitazama picha. Seli ilikuwa imekufa. Ngozi imetoboka, rangi imemwagikia ndani, imejaa tele kama kiini cha yai, hakuna pete wala mabano. Nyinyi mlikuwa hamjaona seli hai hata moja, hamkuweza kujua. Lakini Kondo kuchagua seli mfu? Kondo ambaye hakuwahi kuchagua seli mfu hata siku za mwanzo? Nikamgeukia. Alikuwa amenyanyua uso kuelekea dirishani na nikayaona macho yake. Meupe katikati. Yote mawili. Mtoto wa jicho, tena mkubwa.

Nitawaambia nilichosikia moyoni. Furaha. Miaka yote ile, na leo nimempata, mbele ya watu, na kiti ni changu.

Nikasema kwa sauti, "Haoni huyu! Mmempa kiti kipofu!"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Asteria alijifuta machozi. "Watani nyie, mtatuua!"

"Nasema kweli! Haoni! Seli imekufa hiyo, kachagua mzoga!"

Mkacheka zaidi. Kuna binti alipiga meza. Nikawa nimesimama pale, kidole kimenyooka, nasema ukweli mtupu, na kila nikiusema mnacheka. Kwa miaka yote nilikuwa namwaga wivu wangu ndani ya utani na hakuna aliyeuona. Leo nimekuja na ukweli, na ukweli nao mmeuita utani. Nilitaka kulia kwa hasira.

Na Kondo alikuwa anacheka pamoja nanyi. Angenyamaza tu, yangeisha. Angesema, "Mnyamwezi ameanza," angesukuma kishikio, angetafuta seli nyingine kwa bahati, na asingeulizwa na mtu. Hakuna aliyemshuku. Nilikuwa nimemsafishia njia mwenyewe kwa mdomo wangu.

Akaacha kucheka. Akashika ukingo wa meza, akainuka kwenye kile kiti.

"Jamani," akasema. "Hapo hakuna utani. Mtani wangu anasema kweli. Sioni."

Yule binti wa kupiga meza akaondoa mkono mezani.

"Tangu mwaka jana taa naiona ina ukungu. Nyuso zenu naona vivuli. Nilipopigiwa simu nilipaswa kusema hapana, sikuweza. Nilitaka nikae hapa hata mara moja." Akakipapasa kiti, akakigeuzia upande wangu. "Kaa, mtani. Wewe unaona."

Nikakaa. Mnataka niseme nilikataa kwanza? Sikukataa. Nikainama kwenye lenzi, nikahamisha slaidi, nikapata moja pembeni, mviringo, hai, pete imekaza vizuri. Nikazungusha uzio. Mabano juu na chini. Nikazungusha robo. Kushoto na kulia. Nikasukuma kishikio, tukapima, namba zikapanda na kushuka, tukarudi sifuri na kipimo cha mwisho kikakaribiana na cha kwanza. Mkapiga makofi.

Nyuma yangu nikasikia anauliza polepole, "Yanahama?"

"Yanahama."

"Vizuri?"

"Vizuri, mtani."

Nilipogeuka, nusu yenu mlikuwa mmemzunguka yeye. Mmemletea kiti, mmemletea maji, mnamuuliza maswali. Mimi na hadubini tulibaki na yule kijana wa kusoma namba. Hata kushindwa anashindwa vizuri kuliko mimi ninavyoshinda! Kusimama mbele ya watu walioshacheka, watu ambao wameshakusamehe kabla ya kujua, ukawaambia mmecheka bure, ni kweli: mimi nisingeweza. Ningechagua mizoga mpaka nizikwe. Mkono wake niliuiba kwa kumchungulia. Hili hata nikimchungulia vipi siwezi kuliiba, na wivu nilionao juu yake kwa jambo hili ni mkubwa kuliko ule wa mirija na sukari ukiuweka pamoja.

Kwa hiyo kiti ninacho. Kila Jumanne mnanikuta hapo. Kondo amekubali kufanyiwa upasuaji, na mimi ndiye nitakayempeleka hospitali, kwa sababu mke wake miguu inamsumbua na nimemwambia asihangaike. Asteria ameniuliza kwa upole kama sina wasiwasi, maana mzee akishaona, huenda vijana wakamtaka arudi.

Sijamjibu, namjibu hapa. Ninao wasiwasi, tena mwingi. Lakini nataka apone macho yote mawili, na nataka apone haraka. Kiti hiki nimekitamani maisha yangu yote, na mtu pekee niliyetaka anione nikiwa nimekikalia haoni.